Pua na Kichochoro: Utoto katika Petit pays ya Gaël Faye

Riwaya ya Petit pays ya Gaël Faye, iliyotolewa mwaka 2016 na kutunukiwa Prix Goncourt des lycéens mwaka huohuo, imesomwa na wengi kama maombolezo ya pepo iliyopotea. Usomaji huo una ukweli, ila haumbani mwandishi vya kutosha. Pepo hiyo ilikuwa ya nani?

Gabriel, mtoto wa Mfaransa na mkimbizi wa Kinyarwanda, anakulia Kinanira, Bujumbura, katika kichochoro kisichotokea upande wa pili. Wenzake wengi ni machotara. Jirani ni mama wa Kigiriki mwenye vitabu tele. Wanaiba maembe, wanajificha ndani ya kombi bovu. Waafrika wengine huingia humo kama wapishi na vibarua.

Sehemu nzito kuliko zote iko mwanzoni kabisa. Baba, akiulizwa tofauti ya Mhutu na Mtutsi, anajibu kwa pua, na watoto wanaanza kukagua nyuso za watu. Hapo Faye ameona mbali: jicho linalobagua linafundishwa na Mzungu nyumbani, kama Wabelgiji walivyoandika kabila katika vitambulisho vya Rwanda miaka ya 1930. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, somo hilo linarudi kichochoroni likiwa na silaha, na chotara naye analazimishwa kuwa na upande.

Msomaji wa Bukavu atasimama zaidi kwa Jacques, mlowezi Mbelgiji aishiye kando ya Ziwa Kivu, anayelilia mji wa zamani huku akimfokea mpishi wake. Mji huo uliitwa Costermansville. Wazungu walijengewa kwenye rasi za ziwa, Waafrika wakapangiwa Kadutu. (Majina ya mitaa hiyo bado yanatamkwa kwa daraja.) Faye anamkejeli mzee huyu, naye anastahili. Lakini msimulizi mtu mzima, akikililia kichochoro chake, anatoa sauti inayokaribia mno ile ya Jacques, na riwaya haithubutu kuziweka sauti hizo mbili pamoja.

Inathubutu mara moja tu, katika kisa cha baiskeli. Gabriel anaifuata baiskeli yake iliyoibwa hadi mashambani, anaikuta kwa mtoto maskini ambaye wazazi wake waliinunua, naye anaichukua. Donatien, mfanyakazi Mzaire, anamsuta waziwazi. Kwa kurasa hizo chache, kichochoro kinatazamwa kutoka nje.