Sauti ya Mnadi katika Riwaya ya Gresham

Maonyesho ya kusafiri ya Marekani, yenye pembea za mashine, michezo ya kubahatisha na mahema ya viroja, yalipata umbo lake baada ya Maonyesho Makuu ya Chicago ya mwaka 1893. Huko ndiko liliposimama gurudumu la George Ferris, lenye kimo cha futi 264 na vibanda 36 vya abiria. Huko pia palikuwa na njia ndefu ya burudani iitwayo Midway, ambayo jina lake lingali likitumika katika kila uwanja wa namna hiyo. Waandishi wengi wameufanya uwanja huo kuwa pambo la kisa tu. William Lindsay Gresham, katika riwaya yake Nightmare Alley (1946), aliufanya kuwa chuo cha maneno.

Mwanzoni kijana Stanton Carlisle, mfanya mazingaombwe, anamtazama mtu shimoni ang'ataye vichwa vya kuku hai mbele ya umati. Auliza, mtu kama huyu hupatikana wapi? Mwenye maonyesho anamjibu kuwa hapatikani, bali hufanywa. Hutafutwa mlevi aliyekwisha, akaambiwa kuwa ni kazi ya siku chache tu: afiche wembe kiganjani na kujisingizia kung'ata. Baadaye huambiwa kwamba sasa atatafutwa mwingine aliye wa kweli, naye kwa hofu ya kukosa kinywaji hung'ata kweli. Hapana pepo wala uchawi hapa. Ni maneno yaliyosemwa kwa wakati wake, na ndiyo maana yanatisha.

Kadhalika Pete, aliyekuwa bingwa wa kusoma mawazo kabla ya pombe kumwangusha, anatazama chupani na kumwona mvulana akikimbia vilimani na mbwa wake. Stan anashtuka, kwa kuwa mbwa alikuwa naye kweli. Pete anacheka, maneno hayo humfaa kila mtu. Aliyepata kuketi mbele ya mpiga ramli ataitambua kazi hii mara moja: mteja ndiye ajazaye pengo, kisha akastaajabia ujuzi wa mwingine. Naye msomaji, kwa dakika moja, amekwisha kunaswa pamoja na Stan.

Walakini Stan akiuacha uwanja na kwenda mjini kuwauzia matajiri sauti za wafu wao, riwaya inapungukiwa. Daktari wa nafsi, Lilith Ritter, anajua yote mno. Kila sura ya kitabu ina jina la karata ya Tarot, na huyu bibi ni karata kuliko mtu. Hema lilikuwa na watu walioshirikiana siri na chakula. Mjini udanganyifu ni wa mtu mmoja, na mwandishi analazimika kuueleza kwa ndoto za utotoni, kwa mtindo wa Freud uliopendwa sana siku hizo.

Mwisho unalipa deni hilo. Stan, mlevi sasa, anaomba kazi katika maonyesho mengine, naye anapewa ya siku chache tu. Gresham hafafanui neno. Msomaji analikumbuka mwenyewe. Filamu ya mwaka 1947 haikustahimili ukimya huo, ikamrudisha Molly, mwanamke aliyempenda, kumwokoa. Ile ya Guillermo del Toro ya mwaka 2021 ilikomea pale pale kitabu kilipokomea, na ilifanya haki.

Gresham aliurudia uwanja katika Monster Midway (1953), kitabu kisicho cha kubuni, na humo mapenzi yake kwa ufundi wa watu hao yanaonekana waziwazi zaidi. Tangu hapo mahema ya viroja yamekaribia kutoweka na mashine ndizo zinazotawala. Wengi wa wanaozifunga na kuzifungua hutoka Mexico, hasa mji wa Tlapacoyan katika Veracruz, kwa vibali vya msimu mmoja. Watu wa nati na spana walikuwapo hata zamani za Stan. Gresham, aliyewasikiliza sana wenye kusema, hakuwatazama.