Uamuzi Mmoja, Dunia Tatu

Machi na Aprili 1945, jarida la Astounding Science Fiction la Marekani lilichapa kwa sehemu mbili riwaya fupi ya Fritz Leiber, Destiny Times Three. Ni kazi ya zama ambazo wapenzi wa bunilizi za kisayansi huziita za dhahabu, pale mhariri John W. Campbell alipowabana waandishi wake wasiishie kwenye roketi na mazimwi ya angani, bali waulize: jambo jipya likishagunduliwa, watu wataishi nalo vipi? Wengi walilijibu swali hilo kwa kubuni dunia moja. Leiber alibuni tatu, na jinsi alivyoziunganisha ni somo kwa yeyote anayetaka kuandika juu ya elimu inayofichwa.

Msingi wa hadithi ni huu. Wanadamu wamegundua nishati mpya yenye nguvu kupita zote, ambayo riwaya inaiita ya kisubtroniki. Hapo njia zinaachana. Katika dunia ya kwanza, elimu hiyo inatangazwa kwa wote, na watu wanaishi kwa raha na uhuru. Katika ya pili inashikwa na wachache, nao wanaigeuza rungu la kutawalia: kila mtu anachungwa, kila mtu anamwogopa jirani yake. Katika ya tatu kuna waliojaribu kuizima kabisa isimfikie yeyote. Maangamizi yanafuata, na kinachobaki ni nchi iliyoganda kwa baridi.

Ufundi wa kwanza uko katika kile ambacho Leiber hakukigusa. Watu ni walewale. Thorn wa dunia ya kwanza yupo pia katika ya pili na ya tatu, mwana wa wazazi walewale. Clawly, rafiki yake, vivyo hivyo. Msomaji hapati mwanya wa kusema kwamba dunia ya pili imeharibika kwa sababu wakazi wake walizaliwa na roho mbaya. Kama bwana shamba anayepanda mbegu moja katika vitalu vitatu na kubadilisha mbolea tu, mwandishi ameacha tofauti moja peke yake: nani ameruhusiwa kujua.

Dunia ya tatu ndiyo inayoipa hoja uzito. Mwandishi mwingine angetosheka na mbili, nzuri na mbaya, na kitabu kingekuwa mahubiri. Leiber alijua kuwa mbele ya elimu ya hatari kuna jibu linalotujia haraka na linaloonekana la busara: ifukiwe, isijulikane na yeyote. Akalijengea dunia yake, akatuonyesha mwisho wake. Baada ya hapo hatuna pa kujificha.

Ufundi wa pili ni mpangilio wa habari. Haya yote hatuambiwi mwanzoni. Tunaanzia katika dunia ya raha, ambako watu wengi mno wameanza kuota jinamizi la aina moja: mtu mwenye sura yao hasa, aliye katika dhiki, anayewakodolea macho ya chuki. Kisha wapo wanaoamka na kuonekana kama si wao. Mtu anawatazama watu wa nyumbani mwake kama wageni, na mambo ambayo kila mtoto anayajua yanampita. Thorn na Clawly wanalipeleka suala hilo mbele ya viongozi wa dunia, lakini viongozi hawako tayari kuamini. Ni baadaye tu tunapong'amua kwamba pacha wa upande wa pili wanavuka, na kila anayevuka anamsukumia mwenzake kule alikotoka yeye. Leiber anatupa hofu kwanza, maelezo baadaye. Tunapofika kwenye sayansi yake tayari tunaihitaji.

Ufundi wa tatu, ninaouona mkubwa kuliko yote, ni kwamba swali la elimu iliyokatazwa limejengwa ghorofa mbili. Nyuma ya dunia hizi tatu wamo watu wanane waliopata mashine ya kupasua wakati. Wanaitumia kwa siri: wanaachia historia igawanyike, wanatazama matawi yake, wanalichagua lililo bora na kuamini kuwa mengine wameyafuta. Hawakuyafuta. Waliyakata kwenye macho yao tu, na ndani yake watu waliendelea kuteseka. Kwa hiyo waliochagua dunia ambamo elimu ni ya wote, wao wenyewe walikuwa wameshika siri kubwa kuliko zote. Ghorofa ya chini watu wanaulizwa wafanye nini na nishati. Ghorofa ya juu wanane wanajibu swali hilohilo juu ya mashine yao, na wanajibu kama watawala wa dunia ya pili. Wana nia njema. Nia njema isiyokaguliwa na yeyote ndiyo iliyozaa jinamizi.

Tazama sasa tarehe za jarida lile. Mwaka mmoja kabla, Machi 1944, Astounding lilichapa hadithi ya Cleve Cartmill iitwayo Deadline, iliyoeleza bomu la urani kwa ukaribu ulioishtua serikali, hata wapelelezi wakamfuata Campbell ofisini. Urani ya bomu la kweli, ambalo Marekani ilikuwa ikiliunda kwa siri wakati huohuo, kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, katika mgodi wa Union Minière, eneo ambalo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa amepeleka New York tani zipatazo 1,200 za madini hayo mwaka 1940, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Waliochimba hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Sehemu ya pili ya riwaya ilitoka Aprili 1945. Hiroshima ikaungua tarehe 6 Agosti. Leiber aliandika juu ya nishati inayoshikwa na wachache wakati jambo hilo likitendeka kweli, na mzigo ukiwa umebebwa na mikono ya Wakongo.

Riwaya ina upungufu. Wanawake karibu hawamo, na mwishoni fumbo linafunguliwa na wamiliki halisi wa mashine, viumbe wasio binadamu, badala ya kufunguliwa na watu tuliowafuata tangu mwanzo. Swali lililoulizwa kwa binadamu lilistahili jibu la binadamu.

Katika Kiswahili, aliyekaribia zaidi uwanja huu ni Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini Kenya mwaka 1986. Katika Walenisi (1995) anampakia Dzombo, aliyehukumiwa kifo, katika chombo cha angani kinachomfikisha kwenye jamii ya usawa. Mkangi anatumia safari, na safari ina nguvu ya kutuonyesha tunachokikosa. Mgawanyiko wa Leiber una nguvu nyingine: unatuonyesha gharama ya siku moja ya uamuzi.

Nguvu hiyo mtu wa Rusizi, kwenye mto unaotenganisha Rwanda na Kongo, anaielewa upesi. Mwaka 1910, mjini Brussels, Wajerumani na Wabelgiji waliafikiana kuufanya mto huo kuwa mpaka wa makoloni yao. Kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, unaiona Bukavu ya Kongo kwa macho, na koo zilizokuwa jirani zikaingia katika historia mbili. Leo mtoto wa ndugu mmoja anasomeshwa kwa Kiingereza, wa ndugu mwingine kwa Kifaransa. Huyu ananunua daftari kwa faranga za Rwanda, yule kwa za Kongo. Na kwenye mto huohuo, tangu 1989, mitambo ya Ruzizi II inayoendeshwa na kampuni ya SINELAC inatoa umeme unaogawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Nchi tatu ziliamua kwamba nishati moja iwe ya wote.

Mwandishi wa Rusizi basi hahitaji kuanza na mashine. Aanze na kikao kile kilichoamua umeme ugawanywe, aandike pia vikao viwili ambavyo havikufanyika: kimoja cha kuuhodhi, kingine cha kuuacha mto upite bure. Familia iwe moja katika dunia zote tatu, na wanawake wake wawe na sauti. Kisha, tofauti na Leiber, awaachie wao wenyewe kazi ya kuamua nani ajue nini.