Bahari katika Tarehe ya Pate

Tarehe ya Pate ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yanayotajwa sana na kusomwa kidogo. Wanahistoria huifungua ili kutafuta majina ya wafalme wa Kinabhani na miaka ya utawala wao. Wakiona miaka hiyo haiaminiki, huifunga. Ndivyo kitabu cha watu wa kisiwa kilivyohukumiwa kama daftari la ikulu, na bahari iliyomo ndani yake ikakosa msomaji.

Yafaa kwanza kukumbuka namna maandishi haya yalivyowafikia wasomi. Inasemekana kwamba nuskha ya asili iliteketea mwaka 1890, Waingereza waliposhambulia Witu. Kilichobaki ni masimulizi yaliyoandikwa upya, mengi yakitoka kwa Muhammad bin Fumo Omari, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Stigand alitoa tafsiri yake mwaka 1913. Werner na Heepe wakafuata. Na mwaka 1993 Marina Tolmacheva alizikusanya nuskha mbalimbali katika kitabu kimoja, hata tofauti zake zikaonekana wazi. Kwa hiyo msomaji hana mbele yake hati moja ya kale, bali usimulizi uliosikiwa na masikio mengi.

Hukumu nzito zaidi ilitolewa na Neville Chittick mwaka 1969. Tarehe hudai kwamba Wanabhani walifika Pate mwaka 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204, na kwamba baadaye dola yao ilienea pwani nzima hadi Kerimba. Chittick alionyesha kuwa madai hayo hayapatani na ushahidi mwingine, na kwamba Pate ilipata nguvu karne nyingi baada ya hapo. Juu ya ukoo wa wafalme, hoja yake ina uzito. Juu ya kisiwa chenyewe, uchimbaji umeleta habari nyingine. Kuanzia mwaka 1980 Mark Horton alifukua Shanga, kwenye kisiwa hichohicho cha Pate, akakuta makazi yaliyoanza karne ya 8 na kuhamwa karne ya 15, ambamo misikiti ya miti ilitangulia ile ya mawe. Basi Tarehe imekosea juu ya ukoo: imeuzidishia umri. Sababu ni moja. Mwandishi aliichukua historia ya nyumba ya mfalme kuwa ndiyo historia ya watu, hali watu walikuwa wakisafiri baharini zamani kabla ya nyumba hiyo.

Upungufu huo waonekana hata katika mambo madogo. Wafalme wanahesabiwa mmoja mmoja; nahodha, fundi na baharia hupita bila majina. Vyombo vinatajwa, lakini havielezwi. Hapana budi msomaji atafute kwingine habari za mtepe, chombo kilichoundwa na mafundi wa Visiwa vya Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa la majani yaliyosukwa kama mkeka. Chombo kilichoshonwa hulegea kidogo kinapogusa mchanga, wala hakivunjiki upesi. Katika bandari kama ya Pate, ambayo vyombo huifikia maji yakijaa tu, sifa hiyo ilikuwa na thamani kubwa. Kitabu cha A. H. J. Prins juu ya mabaharia wa Lamu, kilichotoka mwaka 1965, chafaa kusomwa bega kwa bega na Tarehe, kwa kuwa kinasema kile ambacho mwandishi wa ikulu hakuona haja ya kukisema.

Hata hivyo, pale Tarehe inapofika kwenye maji yenyewe, usimulizi wake hubadilika. Mfano bora ni vita vya Shela, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1812 na 1814. Majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishuka pwani ya Shela ili kuishinda Lamu. Yaliposhindwa yakakimbilia vyombo, yakakuta vimepwelewa. Maji yalikuwa yamekupwa, na mauaji makubwa yakatokea ufukoni. Hapa msimulizi hahitaji mwaka wala nasaba. Anajua jambo ambalo kila mtoto wa visiwa hivyo analijua, kwamba asiyehesabu maji hana njia ya kurudi. Katika kisa hiki bahari si mandhari ya vita, ndiyo inayovikata.

Matokeo yake hayakuishia ufukoni. Lamu, ikiogopa kisasi, iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, naye akapata hapo mlango wa kuingilia siasa za pwani. Baadaye alihamishia makao yake Unguja, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara iliyohusiana na Unguja ilifika Nyangwe na Kasongo, ikichukua watu utumwani na kukiacha Kiswahili kando ya Lualaba. Haifai kudai kwamba kupwa kwa maji ya Shela ndiko kulikokileta Kiswahili Kongo. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini mwanafunzi wa Kongo anayeisoma Tarehe ya Pate hasomi habari za ugenini tu. Anasoma mojawapo ya chemchemi za historia ya lugha anayoitumia.

Linalotakiwa, basi, ni chapisho la Kiswahili lenye maelezo ya pepo za kaskazi na kusi, mikondo, vyombo na majira ya maji, kama vile machapisho yaliyopo yalivyo na majedwali ya wafalme. Tarehe ikisomwa hivyo, makosa yake ya miaka hayatafutika. Yatabaki makosa, na kitabu kitabaki shahidi: dhaifu katika kuhesabu tawala, imara katika kueleza maisha ya watu ambao kila siku yao ilipangwa na maji kujaa na kupwa.