Magurudumu ya Gari Lisilo na Paa

Mazda MX-5 ya kwanza, gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai linalokunjwa kwa mkono, ilionyeshwa Chicago mwezi wa Februari 1989, na toleo hilo likadumu hadi 1997. Ilitoka na rimu za inchi 14 zenye upana wa inchi 5.5, zikiwa zimevalishwa tairi za 185/60R14. Rimu zake za alumini zilikuwa na spoki saba nene, sura inayokumbusha Minilite, zile rimu za spoki nane walizozifunga Waingereza kwenye magari ya mashindano miaka ya 1960, na uzito wa kila moja haukufika kilo 6. Leo nyingi zimepinda, zimechubuka, au zimeliwa pale tairi inapokalia hata upepo unapungua taratibu usiku kucha. Mwenye gari hana budi kutafuta nyingine, na hapo ndipo ubora wa fundi wa magurudumu unapojulikana. Kazi yake ni ya rula kwanza. Macho hufuata baadaye.

Fundi huanza na matundu ya nati. Gari hili lina boliti nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Kwa kuwa ni nne, kipimo ni rahisi: kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolitazama. Lakini macho hudanganyika hapa. Fiat nyingi za zamani, ikiwemo 124 Spider, zina duara la milimita 98, na rimu ya namna hiyo ikilazimishwa huweza kuingia. Nati zitakaza, ila kila moja itavuta upande wake, na rimu haitalala sawasawa juu ya habu. Fundi anayeiheshimu kazi huikataa rimu hiyo hata kama mteja ameshailipia.

Tundu la katikati ni milimita 54.1. Vipimo hivi viwili ndivyo pia vya Toyota Starlet, Vitz na Corolla nyingi za miaka ya 1990, kwa hiyo rimu zinazouzwa mitumba Dar es Salaam au Nairobi zinaweza kuingia kwenye gari la wazi la Kijapani. Hata hapo nati lazima ziangaliwe. Uzi ni uleule, milimita 12 kwa hatua ya 1.5, lakini rimu nyingi za alumini za Toyota hutaka nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa, ilhali za Mazda hutaka nati yenye ncha ya koni. Kuzichanganya ni kuacha gurudumu likishikiliwa na kingo tu za nati. Rimu za kampuni nyingine hutobolewa tundu pana zaidi, mara nyingi milimita 73.1, ili ziingie magari mengi. Pengo hilo huzibwa kwa pete ya plastiki au ya alumini, na pete ikikosekana usukani unaweza kutetema mwendo unapoongezeka.

Sehemu ngumu ya kazi, na ndiyo tamu zaidi, ni ofseti: umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Ya MX-5 ya mwanzo ni milimita 45 za chanya, maana yake uso huo umesogea kuelekea nje. Chukua rimu mpya ya inchi 7. Upana umeongezeka kwa milimita 38, yaani 19 kila upande. Ofseti ikibaki 45, ukingo wa ndani utasogelea shokapu kwa milimita hizo 19 zote. Ikishushwa hadi 35, ukingo wa ndani unasogea milimita 9 tu, na wa nje unatoka 29 kuelekea madigadi. Gari linalikubali hilo, na linapendeza zaidi, kwa kuwa magurudumu ya awali yalizama ndani kidogo. Ofseti ikizidi kushushwa, tairi itakula madigadi kila gari likipita kwenye tuta, na usukani utakuwa mzito. Hesabu hizi hutosha kufanywa kwenye kipande cha karatasi, lakini zikipuuzwa hakuna urembo wa rimu utakaozifidia.

Kipenyo nacho kina ukomo wake. Tairi ya 185/60R14 ina kimo cha milimita 578 hivi. Ya 195/50R15 ina 576. Tofauti ni milimita 2, kwa hiyo kipimamwendo hakidanganyi na gia hazibadiliki tabia. Mazda wenyewe walipotoa toleo la pili mwaka 1998 waliyawekea baadhi ya magari yake tairi hizo za inchi 15. Rimu ya inchi 17 yenye 205/40 hufika karibu milimita 596, nayo huja na uzito zaidi na ukuta mwembamba wa tairi. Kwenye gari lisilo na paa hasara yake ni kubwa kuliko kwenye gari la kawaida. Bodi haina juu kitu cha kuifunga, hivyo kila kishindo ambacho tairi haikukimeza hupanda hadi kwenye kioo cha mbele na kukitikisa. Wahandisi wa gari hili walilijenga kwa wazo la Kijapani la jinba ittai, mpanda farasi na farasi kuwa kitu kimoja, na wakapunguza uzito kila walipoweza. Kulifunga magurudumu mazito ni kuivuruga kazi yao.

Rimu ya zamani huzungushwa ili ionekane kama imepinda, na ukingo wake wa ndani hukaguliwa kwa taa kutafuta nyufa. Iliyotengenezwa Japani huwa na alama ya JWL, yaani kiwango cha Kijapani cha rimu za alumini. Kisha habu husuguliwa kutu kwa brashi ya waya, rimu moja hufungwa bila tairi, na fundi huizungusha polepole akitazama nafasi iliyopo kati ya spoki na kalipa ya breki. Baada ya tairi kuvalishwa, usukani hukatwa hadi mwisho pande zote mbili huku watu wawili wakiwa wameketi ndani. Nati huanzishwa kwa vidole, hukazwa kwa kuvuka kutoka moja hadi ile inayoitazama, na humaliziwa kwa spana yenye kipimo, kati ya Newton-mita 90 na 118. Gari likishatembea kilomita 100 hivi, hurudishwa na nati zote nne za kila gurudumu hupimwa upya.