Karatasi isiyo na sahihi inavyompata mwenyewe

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge imehifadhi karatasi na vipande zaidi ya 190,000 vilivyotoka katika chumba kimoja cha sinagogi ya Ben Ezra, huko Fustat, Kairo ya kale. Wayahudi wa pale waliogopa kutupa maandishi yenye jina la Mungu. Kwa hiyo karatasi iliyochakaa ilitumbukizwa chumbani, na pamoja nayo zikaingia barua za biashara, hati za ndoa, madeni na hata mazoezi ya watoto wa chuoni. Msomi Solomon Schechter alipofika Misri mwishoni mwa 1896, alikuta mamia ya miaka yamerundikana kwenye vumbi. Ndani ya rundo hilo zimo karatasi alizoziandika Abraham, mwana wa mwanachuoni wa Kiyahudi Maimonides, kwa mkono wake mwenyewe. Nyingi hazina jina lake. Imejulikanaje basi kuwa ni zake?

Abraham alizaliwa mwaka 1186, akafariki 1237. Alikuwa kiongozi wa Wayahudi wa Misri na tabibu wa sultani al-Kamil. Aliandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa kiitwacho Kifayat al-Abidin, juu ya njia ya mja kumkaribia Mola wake. Humo aliwasifu masufi wa Kiislamu waziwazi, akisema kwamba mavazi yao ya kifukara, mikesha yao na khalwa zao ni desturi za manabii wa Israeli ambazo Wayahudi wenyewe wameziacha. Aliwataka watu wake wapige magoti na kusujudu, wakae kwa safu wakati wa sala. Wapinzani wake wakamshtaki kwa sultani al-Adil. Sehemu kubwa ya kitabu hicho imepotea, na ndiyo maana ukurasa mmoja wa mkono wake unastahili kuhangaikiwa.

Mtu angefikiri kazi inaanza kwa kutafuta sahihi. Lakini sahihi hupotosha. Oxford kuna mswada mashuhuri, Huntington 80, wa kitabu cha sheria cha baba yake. Mwishoni Maimonides ameandika kwa mkono wake kwamba nakala hiyo imesahihishwa kwa kulinganishwa na kitabu chake, akatia sahihi. Ushahidi ni wake. Kurasa zote zilizotangulia ni za mnakili. Sahihi ilithibitisha maneno, haikuthibitisha mkono.

Kinachohitajika ni maandishi ambayo mwandishi hakuwa na sababu ya kumpa mtu mwingine ayaandike. Kwa Abraham yapo ya aina mbili. Kwanza ni fatwa zake: swali limeandikwa na muulizaji, chini yake jibu na jina la Abraham vikafuata, vyote viwili kwa kalamu moja na wino mmoja. Pili ni vijibarua vya malipo, vikiwemo vya mwaka 1218, vilivyomwagiza mshika fedha wa jumuiya amlipe fulani kiasi fulani. Ni vikaratasi vidogo, vilivyoandikwa mbiombio na mtu mwenye shughuli nyingi. S. D. Goitein, aliyetumia miongo kadhaa akisoma hati hizi za Fustat, aliuzoea mwandiko huo hata akautambua pasipo jina. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa kazi yote: kitabu cha kiroho kinamrudia mwenyewe kwa msaada wa stakabadhi za fedha. Anayezipuuza stakabadhi hizo kwa kuwa hazina neno lolote la ibada amejinyima ufunguo.

Kulinganisha huanza na mambo madogo sana. Abraham aliandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, kama walivyofanya Wayahudi wengi wa nchi za Kiarabu. Kiebrania kina herufi 22, Kiarabu 28, kwa hiyo baadhi ya herufi zilibebeshwa sauti mbili, na nukta juu yake ikatenganisha. Wanaosoma tenzi za zamani za Lamu na Pate katika herufi za Kiarabu wanaijua shida hii, maana ba moja iliweza kusomwa b, p au mb. Sasa itazame herufi ya Kiebrania gimel. Mwandishi mmoja huitia nukta akitaka jim na kuiacha tupu akitaka ghain. Mwingine hufanya kinyume. Wa tatu husahau nukta kila akiharakisha. Desturi hiyo hukaa mkononi, na anayeghushi umbo la herufi huenda asiikumbuke. Kisha hutazamwa alif na lam zilivyofungwa pamoja, pembe ya kalamu ya tete, na mahali ambapo mwandishi huinua kalamu kwenye mkia wa herufi.

Mkono ukishafanana bado swali moja limebaki: je, hii ni rasimu ya mtunzi, au amenakili tu kazi ya mtu mwingine? Jibu limo kwenye makosa. Mnakili hukosea kwa jicho. Akiona neno moja limejirudia mistari miwili chini, huruka kutoka la kwanza hadi la pili, na yaliyo katikati hupotea. Mtunzi hukosea kwa fikra. Huanza sentensi, hulikata neno la tatu, huandika jingine palepale juu ya mstari, halafu hugeuza kitenzi kilichokwisha andikwa ili kiafikiane na neno jipya. Pambizoni huongeza hoja nzima ambayo haikuwepo. Mkato wa namna hiyo hauwezi kutoka kwa mtu anayetazama kitabu kilicho mbele yake.

Karatasi nayo hutoa ushahidi, lakini wa kukataa zaidi kuliko wa kukubali. Karatasi za Misri na Sham zilitengenezwa kwa matambara na kupakwa wanga, na hazikuwa na alama ya maji. Alama hiyo ilianza Italia mwishoni mwa karne ya 13, Abraham akiwa amekwisha kufa. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga ukaiona, mjadala umekwisha. Usipoiona, hujamthibitisha mtu yeyote. Vipimo vya kaboni navyo haviwezi kumtenga baba na mwanawe.

Siku hizi mradi wa Friedberg umekusanya picha za vipande vilivyotawanyika kwenye maktaba nyingi, na kompyuta hupendekeza vipi vilikuwa ukurasa mmoja. Inaokoa miaka ya kupekua, ingawa uamuzi bado ni wa msomaji anayejua Kiarabu hicho.

Ukurasa ukishakubaliwa kuwa wa Abraham, mhariri hufuata usomaji wake pale unapogongana na nakala za baadaye. Hilo halina ubishi. Ninachodai zaidi ni kwamba maneno aliyoyakata nayo yachapwe chini ya ukurasa, yasiachwe. Mtu aliyeshtakiwa kwa sultani kwa sababu ya namna ya kusujudu alikuwa akipima kila neno kuhusu sijda, na tunayo haki ya kuona lipi aliliandika kwanza.