Kyoto ya California: filamu ya geisha kwa jicho la fundi

Anayetoka Barking kwenda mjini kwa barabara ya A13 huvuka mto Roding, na mara anaingia Beckton, mahali palipowahi kuwa Vietnam. Stanley Kubrick alikuwa haambiliki kuhusu kupanda ndege, kwa hiyo katikati ya miaka ya 1980 aliuchukua mtambo wa gesi uliokuwa ukingoja kubomolewa, akaufanya mji wa Hue kwa ajili ya Full Metal Jacket. Mitende ilitoka Hispania, mimea ya plastiki ikatoka Hong Kong, na kuta halisi zikalipuliwa mbele ya kamera. Leo Barking ina Wharf Studios, na Dagenham ina Eastbrook Studios. Vijana wetu wa huku wenye ujuzi wa useremala, umeme au ushonaji wana sababu ya kutazama filamu kwa namna nyingine: nani alijenga nini, na kwa nini kikaonekana hivyo.

Mfano ninaopenda kuwapa ni Memoirs of a Geisha ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Rob Marshall, Steven Spielberg akiwa miongoni mwa watayarishaji, kutokana na riwaya ya Arthur Golden ya 1997. Chiyo, binti wa mvuvi, anauzwa kwenye nyumba ya geisha mtaa wa Gion, Kyoto. Anakua, anapewa jina la Sayuri, na anampenda mwanamume aliyemwonea huruma utotoni. Filamu ilishinda Oscar tatu: ya mandhari, ya upigaji picha na ya mavazi. Yote matatu ni mambo ya macho. Nadhani hapo waamuzi walisema kila kitu.

Sehemu kubwa ya Gion hiyo haiko Japani. Mbunifu wa mandhari, John Myhre, aliijenga kwenye shamba karibu na Thousand Oaks, California, pamoja na vichochoro vya mawe, nyumba za mbao na mto wa kuchimbwa. Kyoto ya leo ina nyaya za umeme na vibao kila upande. Kuisafisha iwe ya miaka ya 1930 ingekuwa kazi ya kuchosha. Lakini kujenga kulileta tatizo jingine. Jua la California ni kali, linachoma rangi na kuchora vivuli vyeusi vyenye ncha, wakati hadithi inataka mwanga wa mawingu na jioni zisizokwisha. Mpiga picha mkuu, Dion Beebe, alitandaza kitambaa chepesi kikubwa mno juu ya mtaa mzima, kama turubai la shughuli, ila hili ni la kuchuja jua. Chini yake saa sita mchana ikageuka asubuhi ya ukungu, na taa za karatasi milangoni zikapata nafasi ya kuonekana zinawaka.

Nje mwanga ukishatulia, ndani Beebe anafanya kinyume. Huacha sehemu kubwa ya fremu gizani, kisha huweka kitu mbele ya kamera: papi za mbao, pazia, ukingo wa mlango wa karatasi. Chiyo mdogo, anayechezwa na Suzuka Ohgo, karibu kila kitu hukiona kupitia upenyo, na sisi tunachungulia naye. Ndiyo maana pale msichana anapokimbia kati ya nguzo nyekundu za Fushimi Inari, mahali halisi palipopigwa Japani penyewe, kifua kinafunguka. Baada ya kubanwa muda mrefu, kamera inapata njia ndefu ya kwenda.

Sasa ngoma ya theluji. Sayuri, sasa Zhang Ziyi, yuko peke yake jukwaani, amevaa viatu vya mbao vyenye nyayo ndefu mno, mwavuli mkononi, karatasi nyeupe zinamwagika kama theluji na mwanga wa buluu unamkata kutoka juu. Mhariri, Pietro Scalia, anatutoa mara kwa mara kwenye mwili wake kwenda kwenye nyuso za watazamaji: wenye tamaa, wenye wivu, na yule mmoja ambaye Sayuri anampenda. Kazi hii inampa mchezaji nguvu asiyokuwa nayo, kwa sababu kila mkato unaficha hatua inayofuata. Ni safi kiufundi, nami siiamini. Marshall alitoka kwenye dansi za majukwaa ya New York na kwenye filamu ya Chicago, na hapa ndipo anaporudi nyumbani kwao. Ngoma za Gion zilizoanza mwaka 1872 na ambazo huchezwa Aprili, Miyako Odori, ni za taratibu. Nguvu iko kwenye kiuno kilichoshikwa na mkono unaochelewa makusudi. Ili kuzionyesha, kamera ingelazimika kukaa kimya na kumwamini mchezaji.

Uso nao ulipunguzwa. Geisha chipukizi anayetoka rasmi hupakwa nyeupe nzito, na nyuma ya shingo huachwa michirizi miwili ya ngozi tupu, au mitatu siku ya sherehe kubwa. Filamu huionyesha nyeupe hiyo, kisha huiacha kwa muda mrefu. Ninaelewa kwa nini: ukiweka kamera sentimita chache kutoka kwa Gong Li, hutaki kupoteza kila msuli wa hasira anaoutikisa akiwa Hatsumomo, geisha mpinzani wa Sayuri. Mbunifu wa mavazi, Colleen Atwood, naye alizipa kimono rangi na mkao ambavyo bibi wa Gion angevisahihisha kwa mkono. Ni uamuzi wa kumpendelea mtazamaji wa mbali, na umelipa.

Ninachokipenda bila kusita ni mafunzo. Mameha, anayechezwa na Michelle Yeoh, anamchukua Sayuri kama somo anavyomchukua mwari: anamfundisha kumimina chai mkono wa kimono ukiwa umeinuliwa kiasi, kuketi, kutazama bila kutazama. Zhang na wenzake walifunzwa kwa wiki kadhaa kabla ya upigaji, na inaonekana kwenye vifundo vya mikono.

Kisha wanafungua midomo. Waigizaji Wachina, mmoja wa Malaysia na wengine wa Japani wanazungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake, na ule mtaa uliojengwa kwa subira ya ajabu unaanza kusikika kama uwanja wa ndege. China ilifuta maonyesho yake mwaka 2006, kwa sababu ya hisia zilizobaki tangu vita vyake na Japani. Japani ilipokea filamu kwa jina la Sayuri. Mtunzi wa muziki, John Williams, alijaribu kuziba pengo kwa selo ya Yo-Yo Ma, ambayo hubeba huzuni ya Sayuri mahali ambapo maneno yameshindwa. Ken Watanabe, anayecheza mwanamume anayependwa na Sayuri, anaepuka tatizo la lafudhi kwa njia yake: anasema machache, kwa sauti ya chini, na kumwachia Zhang azungumze.