Kihisi cha Nakivale: Upepo au Jua?

Maji mengi ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, hutoka ziwani na kupita kwenye matangi kabla ya kumfikia mtu mwenye jerikeni. Kihisi kidogo kisicho na waya, kikiwekwa juu ya tangi, kinaweza kuarifu kwamba maji yamepungua kabla watu hawajapanga foleni bure, na hilo si jambo dogo. Lakini kipate wapi umeme? Wazo la kuuvuna upepo kwa feni ya ukubwa wa kiganja linavutia, ila hesabu inalikataa. Kasi ya upepo ikishuka nusu, nguvu yake hubaki moja ya nane. Upepo wa mita 2 kwa sekunde ukipita kwenye feni yenye kipenyo cha sentimita 10 hubeba takriban miliwati 33, na feni ndogo hivyo ikinasa sehemu ya kumi imefanya kazi nzuri. Kwenye mita 1, huenda isizunguke kabisa.

Mtetezi wa feni atasema miliwati 3 zinatosha, na hakosei: kihisi kinachosinzia na kutuma ujumbe kila dakika 10 hutumia chini ya miliwati moja kwa wastani. Tatizo ni saa. Bara, upepo huchangamka mchana ardhi ikipata joto, kisha hutulia usiku. Huja na jua na kuondoka nalo. Paneli ya sentimita 10 kwa 10, hapa karibu na ikweta, hutoa wastani wa zaidi ya miliwati 200, usiku ukihesabiwa. Hata mawingu yakiipunguza hadi sehemu ya kumi, bado inaishinda feni, na haina ekseli ya kuliwa na vumbi. Mradi wa WIMEA-ICT, ulioanza 2013 ukiunganisha vyuo vikuu vya Makerere, Juba na Bergen pamoja na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ulichagua paneli kwa vituo vyake vya hali ya hewa: vinaupima upepo, lakini vinaishi kwa jua.

Feni inafaa penye giza na hewa isiyokatika, kama ndani ya mfereji wa hewa wa maabara au chumba cha upasuaji mjini Mbarara. Ni kweli, hapo inajichotea umeme uliokwisha kulipiwa, lakini ni miliwati chache, na hakuna betri ya kufuata darini. Tena hewa ikisimama, chaji iliyobaki kwenye kapasita ya kihisi inatosha kutuma ujumbe mmoja wa mwisho, nao ndio fundi anaouhitaji.